Tunakwenda Dar, na wifi asijue

Mama mshauri, shikamoo.

Usinitaje jina wala mtaa. Mtwara ni mji wa kujuana, ukikohoa Chuno, Shangani wanakuulizia hali.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36. Mume wangu anafanya vibarua bandarini na ana shamba la mikorosho alilorithi upande wa Nanyamba. Watoto wetu ni watatu: binti wa miaka 11, wa kiume wa miaka 8, na kitindamimba ana miaka 3. Msimu huu korosho hazikututupa. Malipo yalipoingia benki tukalipa waliopalilia na waliopulizia, tukatenga ya shule, mume wangu akanishika mkono akanipa laki tisa. Akasema, "Hii usiikopeshe mtu. Shule zikifungwa Disemba tuwapeleke watoto Dar, siku nne, wakatembee." Miaka 13 ya ndoa hatujawahi kusafiri pamoja bila msiba, harusi, mgonjwa au kufikia kwa ndugu. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kila mtu akasema lake. Binti anataka Coco Beach na zile ngazi zinazopanda zenyewe. Wa kiume anataka treni ya umeme, tena kuna mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru huko Lindi, aliyesimuliwa shuleni, ameng'ang'ania kwamba yuko makumbusho ya Dar na lazima amwone. Mume wangu anataka kupanda pantoni na kula biriani. Nilipomwambia Coco Beach watu wanakula mihogo, aliguna: "Nitoke Mtwara, kilomita zaidi ya 500, nikanunue muhogo?" Mimi nataka vitu viwili. Kwanza Kariakoo, niingie mapema, nichague mwenyewe vitenge, zipu na lastiki kwa ajili ya wateja wangu. Pili, na usinicheke, nataka nikae mezani mahali, mtu aniletee chakula, nile, niinuke bila kuosha sahani.

Tatizo ni wifi.

Dada mkubwa wa mume wangu anaishi Mbagala na familia yake. Mwaka jana Juni tulikwenda Dar kwa siku nne kama hizi, tukafikia kwake. Tulibeba ndoo ya korosho, ming'oko na samaki wakavu. Tulipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini asubuhi ya kwanza, kabla sijapiga mswaki, wifi aliniwekea cherehani yake barazani akasema majirani wamesikia fundi amekuja. Nilishona siku mbili. Mashati, sare za shule, magauni ya kubana na ya kuachia, nyingine hata sikujua za nani. Hakuna aliyetoa hata mia, na mimi sikuuliza. Watoto walikaa sebuleni wakiangalia katuni. Siku ya tatu wifi alinisindikiza Kariakoo, akachagua yeye vitambaa, akapatana yeye bei, mimi nikalipa. Jioni mume wangu alileta chipsi kuku kwa ajili ya watoto, wifi akazichukua akaziweka juu ya kabati: "Kwangu kuna njaa?" Watoto walilala juu ya mito ya makochi iliyopangwa sakafuni, saa kumi alfajiri wanaamshwa kwa sababu wenye nyumba wanajiandaa kwenda kazini. Tukarudi Mtwara. Binti yangu alipoulizwa na rafiki zake Dar kukoje, alisema, "Kuna katuni nyingi."

Na hatukukaa bure. Mume wangu alinunua mchele, mafuta, gesi, umeme, na mwisho akaombwa amalizie ada ya mtoto wa wifi. Nauli yetu kwenda na kurudi ilikuwa karibu laki tatu. Pale nyumbani iliondoka laki mbili na nusu.

Sasa utaniambia, mwanangu, usiende kwake basi. Subiri nimalize.

Miaka sita iliyopita huyu wangu wa kiume, akiwa na miaka miwili, alipewa rufaa kwenda Muhimbili. Nilikaa naye wodini siku 47. Mume wangu alikuwa huku anatafuta hela. Kila alfajiri wifi alipanda daladala mbili kutoka Mbagala na chupa ya uji wa ulezi, ameifunga kwenye kanga isipoe. Siku 47 hakukosa hata moja. Baadaye shemeji alinidokeza kwamba friji aliyokuwa anauzia barafu waliiuza wakati ule. Wifi mwenyewe hajawahi kulitamka. Mtoto ni mzima, anakimbia na mpira mchana kutwa, na kila nikimwangalia namwona wifi na ile chupa.

Kwa hiyo tulikubaliana na mume wangu twende kimya kimya. Nimepiga simu gesti moja Kariakoo, vyumba viwili, elfu thelathini na tano kila kimoja kwa usiku. Tiketi za basi tumeshakata. Mume wangu alisema, "Panga wewe, ila dada asijue." Mama mkwe anaishi Mikindani, akijua yeye wifi anajua kabla ya magharibi. Nikamwambia binti yangu bibi akiuliza aseme tunakwenda Masasi kwa wazazi wangu. Juzi nilimsikia bafuni anajifundisha mwenyewe: "Tunakwenda Masasi, bibi. Tunakwenda Masasi." Anabadilisha sauti atafute ipi inafaa. Nikashika ukuta.

Jana sasa wifi kapiga simu. Anacheka. "Disemba mnakuja lini? Nimewanunulia watoto godoro." Nikasema mtandao unakata, nikazima simu.

Zimebaki wiki mbili. Nivunje safari? Twende kimya kimya kama tulivyopanga? Twende kwake nikashone tena? Mume wangu kila nikimuuliza anasema, "Amua, mimi nakufuata." Nisaidie, mama.

Fundi, Mtwara


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye muhogo, mara ya pili sikucheka kabisa, nilikuwa nimefika bafuni kwa binti yako.

Nikikuelewa, unataka siku chache za kutembea na familia yako bila kumtumikia mtu, na mtu unayemkwepa ndiye aliyekubebea uji alfajiri 47. Kila ukiwaza gesti unaiona chupa ile. Ukiiwaza chupa unaisikia cherehani. Halafu juu ya yote hayo limekuja godoro.

Tuanze na godoro, maana nadhani ndilo lililokufanya uandike. Wewe umelisikia kama mtego: ameshanunua, tutakataaje? Inawezekana. Lakini hebu lisikilize upya. Mwaka jana watoto wako walilala kwenye mito ya makochi. Hukulalamika, mumeo hakulalamika. Nani basi alimwambia wifi kwamba wanahitaji godoro? Aliona mwenyewe. Mwenyeji anayeona wageni wake walilala vibaya, akakaa na jambo hilo moyoni mwaka mzima mpaka akapata hela ya godoro, huyo si mtu asiyeambilika. Naweza kuwa nimekosea, simjui. Ila umeniandikia kurasa nzima kuhusu kumkwepa, na sijaona sentensi hata moja ambayo mmewahi kumwambia, "Wifi, safari hii tunataka hivi," naye akakataa. Ile chipsi kuku ndiyo ushahidi pekee ulionao. Na hata pale, mwanangu, mwenyeji wa Kiswahili akiona mgeni wake analetewa chakula cha nje usiku, tena bila kuambiwa mapema, naye sufuria lake liko jikoni, anasoma nini?

Kuhusu cherehani sitakutetea wala kukulaumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulipewa siku ya kwanza. Lakini nakuuliza: wifi alijua kwamba unashona kwa uchungu? Kuna watu wanaomtangaza ndugu yao kwa majirani kwa kujivunia tu, "fundi wetu kutoka Mtwara", na kichwani mwao wanadhani wamemtafutia wateja. Wewe hukutaja bei, majirani wakaona ni zawadi. Labda wifi naye alikuwa anasubiri useme. Au labda alijua vizuri na akanyamaza, wapo wa namna hiyo pia. Hujui, na mimi sijui. Anayejua yuko Mbagala na hajaulizwa.

Sasa mumeo. Huyu dada ni wake. Walilala mkeka mmoja, wamegombana na kupatana kabla wewe hujatokea. Lakini mwenye kupanga ni wewe, mwenye kuficha ni wewe, mwenye kumfundisha mtoto cha kusema ni wewe, na mwenye kukata simu ni wewe. Yeye "anafuata". Likiharibika, ukoo utasema nini? Hawatasema kaka alimkimbia dada yake. Watasema mke alimtenga. Sisemi mumeo ni mtu mbaya, laki tisa mkononi mwa mke si jambo la kila nyumba. Nasema kuna mzigo amekukabidhi kwa upole sana kiasi kwamba hukuhisi anapokutwisha. Kaa naye usiku watoto wakilala, usimuulize "nifanyeje", muulize "wewe unaogopa nini kwa dada yako?" Jibu lake linaweza kukushangaza. Huenda anaona haya ya ile friji kuliko wewe.

Tuje kwenye safari yenyewe, maana nina wasiwasi na hesabu yenu. Mnasema siku nne. Basi linaondoka Mtwara alfajiri na mnashuka Dar jioni, mgongo unauma na mdogo ameshatapika mara mbili. Kurudi ni vilevile. Kwa hiyo siku nne ni mbili, na usiku tatu. Ndani ya siku mbili mnataka Kariakoo, Coco Beach, pantoni, makumbusho, biriani, ngazi za umeme na treni. Treni mpaka Morogoro na kurudi ni raha kubwa kwa mtoto, lakini ukihesabu kwenda stesheni, kusubiri, safari na kurudi, siku moja imeondoka, na tiketi za Disemba hazisubiri mtu. Itabidi wanao wachague, na ni bora wachague sasa mkiwa Mtwara kuliko kulia Posta.

Ukiwa na siku mbili tu, mahali pa kulala panakuwa na maana ambayo mwaka jana hamkuiona. Kutoka Mbagala kuingia mjini kwa Barabara ya Kilwa, na foleni zake, unaweza kupoteza asubuhi nzima na mtoto wa miaka mitatu mapajani. Ukilala Kariakoo, saa moja uko sokoni kabla jua halijachoma, wakati huo baba anawachukua watoto kwa miguu au bajaji mpaka Feri, wanapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, wanaangalia soko la samaki. Saa sita mnakutana kwenye sahani ya biriani. Hiyo ni sababu ya kweli ya kulala mjini, na ni sababu ambayo mtu mzima unaweza kumwambia bila kumtukana. "Tunalala Kariakoo kwa sababu nataka kuwahi soko" haifanani hata kidogo na "hatutaki kulala kwako".

Na hesabu ya fedha uliifanya mwenyewe bila kuimaliza. Vyumba viwili kwa usiku tatu ni laki mbili na elfu kumi. Kulala "bure" mwaka jana kulichukua laki mbili na nusu. Lakini angalia hapa, ile laki mbili na nusu haikupotea kama kodi ya chumba inavyopotea. Mtoto wa wifi alikwenda shule. Unaiita gharama, huenda ilikuwa sehemu ya lile deni. Tatizo ninaloliona ni kwamba deni hili halijawahi kutajwa kwa kinywa. Hakuna aliyesema ni kiasi gani wala litaisha lini, kwa hiyo unalilipa kila siku kwa namna yoyote utakayoombwa: kwa kushona, kwa umeme, kwa kunyamaza dukani huku mtu mwingine anakuchagulia vitambaa. Je, wifi ndiye aliyekupangia malipo haya, au umejipangia mwenyewe? Umewahi kukaa naye ukamwambia, "Wifi, najua habari ya friji"? Usiniambie haina maana. Kuna shukrani ambayo isipotamkwa inageuka kinyongo, na nadhani wewe umeshaanza kuonja uchungu wake.

Njia ya kwenda kimya kimya nimeiangalia kwa haki, sikuitupa tu. Ina faida moja, mtakuwa huru. Hasara zake ndizo zinazonitisha. Mabasi ya Kusini yanashusha abiria Mbagala Rangi Tatu, mlangoni kwa wifi kabisa, na nusu ya watu pale wanasalimiana kwa Kimakonde. Umesafiri na mtoto wa miaka mitatu ambaye hana siri duniani. Una binti mwenye rafiki wa kusimuliwa ngazi za umeme, na una mume ambaye, nakuapia, ataweka picha ya pantoni kwenye "status" kabla haijatia nanga. Na kama usiku wa manane mtoto akipata homa kwenye chumba cha gesti, simu ya kwanza utampigia nani? Unajua utampigia nani. Atakuja, tena atakuja na chupa. Hapo ndipo utatamani ardhi ipasuke.

Pia kuna hilo neno gesti. Kwetu neno hili lina sifa mbaya, na mtu akisikia kutoka kwa mwingine kwamba kaka yake alikuwa mjini akalala gesti, hatafikiria feni wala neti, atafikiria aibu. Akisikia kutoka kwa kaka mwenyewe, mapema, ni habari nyingine.

Kwenda kwake kama mwaka jana kuna amani ya nje. Hutagombana na mtu. Lakini utarudi na binti anayesema Dar kuna katuni nyingi, na mwaka ujao mumeo akikupa hela tena hutalala kwa sababu nyingine. Hata hivyo kuna kufikia kwake kwa namna tofauti: mnaondoka asubuhi mnarudi usiku, umemwambia kabla hujapanda basi kwamba mkono wako umefunga duka na cherehani ipumzike. Hilo linahitaji ujasiri wa kusema "hapana, jirani, niko likizo" mbele ya wifi barazani. Unao? Jijibu mwenyewe.

Wengi wangekushauri mgawanye, usiku mmoja kwake na mbili mjini. Mimi pia naipenda, lakini si nyepesi kama inavyosikika. Mkilala kwake usiku wa kwanza, mnashuka hapo hapo Rangi Tatu, watoto wamechoka, godoro linawasubiri, salamu zinatangulia kila kitu. Ni adabu nzuri. Hatari yake ni asubuhi: "Mnakwenda wapi leo, pumzikeni kwanza," chai inachelewa, jirani mmoja na shati moja tu, na siku imekwisha. Mkilala kwake usiku wa mwisho, mtakuwa karibu na basi la alfajiri na mtakuwa na ya kusimulia. Hatari yake ni yeye kuhisi kwamba nyumba yake imekuwa stendi ya kusubiria basi. Ningekuwa mimi ningeangalia tabia ya wifi: ni mtu wa kuanza kusalimiwa au mtu wa kuagwa vizuri? Wewe unamjua.

Kuna pia kubadilisha mji kabisa. Hapa njiani kuna Kilwa, na Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, watoto wa shule wangejifunza mengi na msingelala njiani siku nzima. Hakuna wifi wala foleni. Lakini hakuna Kariakoo wala treni, na tiketi mmeshakata, na nahisi ungekwenda Kilwa ukiwa umemkimbia mtu, si kwa kuipenda Kilwa.

Ungeweza kumshirikisha mjomba wa mumeo. Kwetu Kusini neno la mjomba lina uzito. Ila mjomba akiingia, jambo la kulala wapi linakuwa kesi ya ukoo, nawe bado hujafika huko.

Na kuna jambo ambalo hukuliandika popote, nalo limenikaa kichwani. Wifi yako anaamka saa kumi. Anawahudumia wanaokwenda kazini, aliwahi kuuza barafu, alipanda daladala mbili kila alfajiri kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Lini mara ya mwisho yeye alikaa mezani akaletewa chakula ambacho hakupika? Watu wengi wanaoishi Mbagala huona Coco Beach kwenye simu kama sisi tunavyoiona. Je, mkimwalika jioni moja, mkamwambia aje kama mgeni wenu safari hii, mumeo alipe, mihogo ya kukaanga na pilipili mpaka mwenye kulalamika achoke? Anaweza kuja akaanza kuwapangia nani akae wapi na bei ya mishikaki iwe ngapi, hilo nalo lipo. Lakini nyinyi wawili mnatamani kitu kimoja, yule wa Mbagala hajapata tu wa kumwandikia barua.

Kuhusu binti yako sitakuwa na pande mbili. Lolote mtakaloamua, leo kabla hajalala mwambie kwamba yale maneno ya Masasi umeyafuta, kwamba mama alikosea kumpa kazi ile. Usimwambie "usiseme tu", hiyo ni kazi ile ile kwa jina jingine. Ana miaka 11, yuko kwenye umri wa kujifunza jinsi watu wazima wa nyumba hii wanavyosemezana. Bibi wa Mikindani akijua, ajue. Akimpigia wifi kabla ya magharibi, basi mumeo amtangulie kabla ya adhuhuri.

Na wa kiume ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu mjusi wake, asije akamtafuta kila chumba. Wajerumani walichimba mifupa ile Tendaguru kati ya 1909 na 1913, wakaisafirisha, na mpaka leo amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Dar hayupo. Makumbusho ya Taifa pale Posta kuna fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, aliloliokota Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na kuna magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, navyo si vidogo machoni pa mtoto wa miaka 8. Ila mjusi wenyewe ni wa kwetu. Basi likiwa linapita Lindi, bahari ikiwa kulia, mwonyeshe upande wa kushoto, bara huko, umwambie alikotoka ni huko.

Kariakoo ya Disemba unaijua kwa kusikia, basi niongeze kidogo: hela usiweke mahali pamoja, watoto usiingie nao, na ukinunua kwa jumla kumbuka basi linatoza mzigo. Vitambaa chagua mwenyewe. Hata wifi akiwa pembeni. Hasa wifi akiwa pembeni.

Simu uliikata kwa kisingizio cha mtandao, kwa hiyo mwenye zamu ya kupiga ni wewe. Habari ya wapi mtalala mwachie mumeo amwambie dada yake kwa mdomo wake. Wewe piga ya kwako peke yake, wala usianze na gesti. Muulize lile godoro ni la ngapi kwa ngapi.